Daftari la Vigae

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupokea vitu vilivyovunjika. Mwaka 1996 niliajiriwa kuwa mtunza stoo katika karakana moja ya majiko ya mkaa jijini Dar es Salaam, upande wa Buguruni, mahali ambapo kukicha unaamshwa na nyundo zinazogonga bati la mapipa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, nina mwandiko unaosomeka, na mjomba wangu, aliyekuwa akiwauzia mafundi mapipa chakavu, alimhakikishia mwenye karakana kwamba mpwa wake ana mkono wa karani. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Mzee, alinikabidhi funguo za stoo na kaunta buku mbili. Nyeusi ilikuwa ya mali inayoingia na kutoka. Nyekundu ilikuwa ya majiko yanayorudi.

"Jiko likirudi," aliniambia, "usianze na risiti. Mkaribishe mama wa watu, mpe kiti, mpe maji ya kunywa. Halafu mwulize alikuwa anapika nini."

Hakunifafanulia zaidi, nami kwa miezi mingi niliuliza swali lile kama mtu anayetimiza amri. Leo, baada ya miaka karibu thelathini katika biashara hiyohiyo, vijana wanaoanzisha viwanda vidogo huja kuniuliza kampuni inawezaje kuendelea kuboresha bidhaa yake mwaka hadi mwaka bila kuchoka wala kuishiwa. Wanatarajia niwaeleze mitambo, mikopo, au watu wenye vipaji. Mimi hurudi kwenye ile kaunta buku nyekundu, maana sijui njia nyingine ya kulieleza jambo hili.

Jiko lenyewe lina historia inayofaa kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa mradi wa nishati nchini Kenya walilitazama jiko la ndoo la Thailand, lenye chungu ndani na bati nje, wakataka kulipatia maisha Afrika Mashariki. Umbo la kwanza halikukaa sawa. Udongo ulijaa hadi chini, jiko likawa zito, na udongo wenyewe ukawa unapasuka. Wataalamu, mafundi wa jua kali na akina mama waliolipikia wakalirekebisha kidogo kidogo: likabanwa kiuno, udongo ukapunguzwa ukabaki zaidi pale moto unapokaa, kitako kikatanuliwa ili jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali. Likavuka mpaka, na sisi huku tukaliita jiko bora. Likitengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu ukilinganisha na jiko la bati tupu. Kwa hiyo kitu nilichokuwa nikikipanga stoo kilikuwa tayari kimepita katika mikono mingi, na kila mkono uliondoa kosa la mkono uliotangulia. Sikulijua hilo wakati ule. Niliona majiko tu.

Kaunta buku nyekundu ilichorwa mistari kwa rula. Tarehe. Alama ya fundi, kwa sababu kila fundi alikuwa na alama yake aliyoigonga chini ya kitako. Siku chungu kilipotoka tanurini. Limevunjika wapi. Na nafasi pana ya mwisho, yenye upana wa nusu ukurasa, ya lile swali la mapishi. Mteja alipewa jiko jingine akaenda zake. Lililovunjika liliandikwa namba kwa chokaa, likawekwa kwenye kona chini ya mwembe, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa mpaka Jumatatu.

Jumatatu hakukugongwa bati hadi saa nne. Mafundi walikaa kwenye mabenchi kuzunguka kona ile, mimi nikasoma mstari mmoja mmoja, na fundi mwenye alama akapewa jiko lake mkononi. Hakuna aliyekatwa hata senti moja. Hapo pana jambo ambalo watu wengi hulipita haraka nikisimulia, nami napenda watulie nalo. Mafundi wetu walilipwa kwa kipande. Umetengeneza majiko kumi, umelipwa kumi. Katika malipo ya namna hiyo, saa moja ya kukaa na kufikiri ni saa moja ya njaa. Fundi anayejaribu mkato mpya wa mlango, akaharibu mabati matatu kabla ya kupatia, amejikata mwenyewe mshahara. Mzee alilielewa hilo kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa bosi. Kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu ililipwa kwa kutwa, uwe umegonga au hukugonga. Nilimwona akihesabu noti hizo hata katika wiki ambazo tulikopa nauli ya kufuata udongo Kisarawe.

Mazungumzo yakiisha, bati liliokolewa, na chungu kilichovunjika kilipondwa kwenye kinu, kikachekechwa, ukapatikana unga wa vigae. Unga huo ulirudi kwenye udongo mbichi. Wafinyanzi wanajua sababu: vigae vimekwisha kupita motoni, havisinyai tena, na vikichanganywa kwenye udongo mpya huufanya uvumilie joto kuliko udongo mtupu. Kila chungu tulichochoma kilikuwa na ndani yake punje za vyungu vilivyoshindwa.

Mwisho wa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño. Aliyekuwa Dar es Salaam wakati ule anakumbuka barabara zilivyokatika na nyumba zilivyolala ndani ya maji. Kwetu tatizo lilikuwa la ukaushaji. Chungu kinatakiwa kikauke polepole kivulini kabla ya kuingia tanurini; kikiingia na unyevu, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kukipasua. Majiko yalianza kurudi kwa wingi, na sisi sote tukalaumu mvua. Ilikuwa sababu nzuri, iliyoonekana kwa macho. Tukaongeza siku za kukausha. Tukaongeza unga wa vigae. Mzee akaleta udongo kutoka shimo jingine. Ikafika Juni 1998, jua linawaka, vumbi limerudi Buguruni, na majiko bado yanarudi.

Nilikaa jioni moja nikapekua kurasa za miezi sita. Nafasi ya mapishi haikunisaidia: wali maharage, chai na chapati, samaki wa kukaanga, supu. Vyakula tofauti kabisa. Lakini nikaona kwamba wengi waliorudisha hawakuwa akina mama wa majumbani. Walikuwa mama ntilie. Na nyufa zao zilianzia juu, kwenye mdomo, zikashuka kama mizizi, wakati nyufa za kawaida zilianzia kwenye pembe ya mlango wa majivu.

Siku chache baadaye akaja mama ntilie mmoja wa soko la Buguruni na jiko lake la tatu. Nikamwamkia, nikampa kiti na maji, nikauliza swali langu. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, halipasuki nikipika. Linapasuka nikishafunga."

Mzee alitutuma mimi na fundi mmoja tukakae kwenye banda lake mpaka afunge. Ilipofika saa tatu usiku aliosha sahani ya mwisho. Makaa yalikuwa bado mekundu, zaidi ya nusu ya jiko. Akachota maji kwa kopo, akayamwaga motoni. Mvuke ukapanda, jiko likalia kwa kishindo cha maji, na chini ya sauti ile tukasikia nyingine ndogo, kavu, kama kijiti kinachovunjika. Fundi alinigeukia, hakusema kitu.

Yule mama hakuwa mjinga wala mzembe. Makaa yaliyobaki yalikuwa chai ya kesho alfajiri. Angeyaacha yageuke majivu? Aliyazima, akayaanika juu ya bati la banda, akayatumia tena. Hakuwahi kutuambia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Swali la Mzee, ambalo nililiuliza kwa uaminifu kwa miaka miwili, lilikuwa limeishia kwenye mapishi, na jiko lilikuwa likifa baada ya mapishi. Tangu usiku ule nikaongeza mstari mwingine kwa rula: ukimaliza kupika, unafanyaje?

Fundi mmoja kijana alipendekeza tugonge maandishi kwenye bati: usimwage maji. Lilionekana pendekezo la busara na lisilo na gharama. Mzee alikataa kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alisema yule mama anaokoa mkaa, na sisi tunauza jiko la kuokoa mkaa. Tukimkataza tutakuwa tunamkataza kufanya jambo lile lile tuliloahidi kumsaidia kulifanya. Nimekutana na mabosi wengi baadaye, wengine wenye shahada kubwa, ambao pale wangeandika onyo na kuona kazi imekwisha.

Tukaanza kutengeneza kifuniko cha kuuzima moto kwa kuunyima hewa. Cha kwanza kilikaa juu ya mafiga matatu ya kushikia sufuria, kikaacha mwanya, na asubuhi tukakuta majivu matupu. Cha pili kilikatwa nafasi tatu ili kipite katikati ya mafiga, kikaziba vizuri, lakini mkono wake wa chuma ulimwunguza mtu vidole. Mlango wa majivu nao ukaonekana unavujisha hewa, ikabidi ubadilishwe bawaba. Kilichofanya kazi kilipatikana Novemba. Tulitengeneza kumi, tukawapa mama ntilie kumi, bila malipo na bila hotuba, kisha mimi nikawa napita kila jioni kuangalia.

Wiki ya tatu nilimkuta mmoja amekigeuza kifuniko kichwa chini juu ya sufuria ya wali, amekijaza makaa. Alikuwa akipalia. Kila mtu aliyelelewa pwani anajua wali unavyokaukia vizuri ukiwa na moto chini na juu, na mkate wa kumimina nao huivishwa hivyo, lakini katika miezi yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kifuniko cha kuzimia moto ni chombo cha kubebea moto. Mwaka uliofuata tuliinua ukingo wake ili makaa yasiporomoke. Kifuniko kile kilituletea wateja ambao hawakuwa na haja ya jiko jipya. Nani alikibuni? Nimejaribu mara nyingi kumtaja mtu mmoja nikashindwa.

Nasimulia mafanikio hayo ili nieleweke ninaposimulia yaliyofuata, kwa sababu mkono ulioyavuruga ni wangu.

Mwaka 2004 nilikuwa nimepanda hadi msimamizi wa uzalishaji. Mzee alikuwa akisumbuliwa na kisukari, anakuja karakana siku mbili kwa wiki. Tukapata oda kutoka mradi mmoja: maelfu ya majiko kwa muda wa miezi michache, malipo ya uhakika, yote ya aina moja, yasiyobadilika hata msumari. Hatukuwahi kuona fedha kama ile. Nilikaa na kalamu nikahesabu saa zilizopo na saa zinazotakiwa, na saa za kwanza kuonekana za ziada zilikuwa zile za Jumatatu asubuhi. Nikazifuta. Niliwaambia mafundi ni kwa muda wa oda tu. Nikaajiri vibarua wa kipande, na kwa kuwa walikuwa wengi na wa kupita, sikuwapa alama za kugonga. Kona ya chini ya mwembe ilihitajika kwa kuhifadhi majiko yaliyokamilika, nikaandika kwa mkono wangu kibali cha kuisafisha.

Wateja wa kawaida waliorudisha majiko tuliwahudumia haraka kuliko zamani. Chukua jipya, nenda. Lililovunjika likatupwa kwenye lori la taka. Kwa nje ilionekana huduma imekuwa bora, na watu walitusifu. Mstari wa mwisho kwenye kaunta buku nyekundu ni wa Machi 2004. Baada yake kuna kurasa nyeupe.

Ningependa kusema madhara yalionekana mara moja. Hayakuonekana. Oda ilikamilika, tukanunua pikapu, tukajenga ukuta. Mauzo ya mwaka uliofuata yalikuwa mazuri. Ndiyo sababu naliogopa kosa hili kuliko makosa mengine yote ya biashara. Ukikosea bei, mwezi haupiti kabla hujajua. Ukiacha kujifunza, unaendelea kula akiba ya yale uliyojifunza zamani, na akiba hiyo haina kitabu cha benki cha kukuonyesha salio. Karibu miaka miwili ilipita. Oda nyingine haikuja. Wachuuzi waliokuwa wakichukua majiko yetu kwa jumla wakaanza kuchukua nusu, halafu robo, na mmoja aliniambia kwa upole kwamba wateja wanaulizia jiko la eneo la Gerezani.

Nikaenda Gerezani. Nikaikuta karakana ya fundi wetu wa zamani, yule aliyekaa nami usiku bandani kwa mama ntilie. Nikalishika jiko lake, nikaligeuza, na mara moja nikaona tofauti. Mlango wa majivu wa chungu chake haukuwa na pembe. Alikuwa ameuviringa. Ufa wa udongo hupenda kuanzia kwenye pembe kali, kwa kuwa mvutano wa joto unajikusanya pale. Ukiiviringa pembe, mvutano unatawanyika. Sisi tulikuwa tumekwisha kuliona hilo. Nilikuwa nimeliandika.

Akanikaribisha chai. Hakunicheka. Alisema, "Dada, kona ya mlango ilikuwa kwenye daftari lako. Mimi nilisubiri Jumatatu. Jumatatu haikuja."

Nilipanda daladala hadi nyumbani kwa Mzee. Nilimkuta kibarazani, miguu yake juu ya kigoda. "Shikamoo Mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote, pamoja na kibali nilichokiandika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema wahenga walinena kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nami nilikuwa nimechomoa kinga moja nikadhani moto hautajua. Hakuniongezea neno la lawama. Aliuliza tu kaunta buku nyekundu iko wapi. Nikamwambia ninayo.

Kuirudisha Jumatatu kulikuwa kugumu kuliko kuianzisha. Mafundi waliokuja kipindi cha oda hawakuijua, na wale wa zamani hawakuniamini. Jumatatu ya kwanza walikaa watatu, wengine wakaendelea kugonga bati kwa sababu walidhani nitawalipa kwa kipande kama kawaida na kikao ni maneno tu. Ilibidi waone noti. Tulikubaliana, na familia ya Mzee ikaridhia, kwamba katika bei ya kila jiko litakalouzwa kitengwe kiasi kidogo kisichoguswa kwa kazi nyingine yoyote, iwe kodi ya eneo au mafuta ya pikapu, na kutoka humo zilipwe saa za Jumatatu na mabati ya majaribio. Nilihesabu kiasi kile mara nyingi nikiwa na hofu. Kilikuwa kidogo kuliko tulichokuwa tukipoteza kwa majiko yaliyorudi.

Alama za mafundi zikarudi. Kona ikarudi, japo mwembe ulikuwa umekatwa tulipojenga ukuta, tukaweka paa la makuti. Na tukaanza kuandika pia yale yaliyoshindikana. Tulipoteza miezi saba kwenye jiko la midomo miwili, ambalo kila mpishi alilisifu alipoliona na hakuna aliyelinunua, kwa kuwa lilikuwa zito, na mdomo wa pili uliteketeza mkaa hata usipokuwa na sufuria. Tukalipima: tukawapa familia chache mkaa uliopimwa kwenye mizani kila asubuhi, tukapima uliobaki jioni. Uani kwetu, tukichemsha maji, jiko lile lilionekana zuri. Jikoni kwa watu lilikula mkaa. Niliandika kurasa nne juu ya kushindwa huko. Miaka tisa baadaye fundi mpya alikuja na wazo hilohilo, macho yanang'aa, nami nikampa zile kurasa asome. Alisoma, akafikiri, akaja na jambo jingine.

Mwaka 2014 nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya kaizen, yaani uboreshaji endelevu, yale ambayo wizara yetu ya viwanda iliyaendesha kwa ushirikiano na Wajapani. Mkufunzi alitusimulia habari za Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyetumia maisha yake kuboresha mitambo ya kufumia nguo. Mtambo aliokamilisha mwaka 1924 ulikuwa na uwezo wa kujisimamisha wenyewe uzi ukikatika, ili usiendelee kufuma nguo mbovu. Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe Kiichiro akageukia utengenezaji wa magari. Katika viwanda vya Toyota, alisema mkufunzi, mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba, na msimamizi huja hapo hapo. Isipotatulika kwa wakati, mstari mzima unasimama.

Wenzangu waliandika neno kamba. Mimi nilikuwa nawaza oda ya 2004. Tungekuwa na kamba, nani angeivuta? Wale vibarua wangu walijua nyufa zinaanzia wapi, walikuwa na macho. Lakini kila mmoja wao angeivuta kamba angejinyima chakula cha jioni, na angewanyima wenzake kumi. Mfanyakazi wa Toyota ana mshahara wa mwezi. Wanaokuja kwetu kufundisha ubunifu hutuletea kamba, mabango, masanduku ya maoni yenye kufuli. Mara chache wanauliza aliyesimamisha kazi analipwaje. Tangu 2006 mimi huanza na swali hilo, na sitaki kulihamisha kutoka mahali pa kwanza.

Sasa tumefika kwenye mtihani mwingine, mkubwa kuliko oda na kuliko Gerezani. Mkaa wenyewe unaondoka. Misitu imetosha kukatwa, na sina ugomvi na hilo. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Oda za shule zilikatika. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 uko kwenye nyumba za majirani zangu wote. Kijana mmoja wa karakana aliniuliza kama atafute kazi nyingine, na sauti yake ilinikumbusha mjomba wangu alipokuwa akiniombea kibarua.

Jumatatu moja sikuleta mstari mmoja. Nilileta madaftari yote mekundu, kumi na moja, tangu lile la 1996. Tukagawana. Nikawaomba wasome bila kutazama jiko. Watafute mpishi alifanya nini pembeni ya jiko. Tulisoma wiki tatu. Na tukakuta, kwa mwandiko wangu, mwaka 1999: maharage, yakichemka anayaepua, anayafunga kwa khanga mbili na blanketi, anakwenda kazini. Mwaka 2001 tena, mtu mwingine. Mwaka 2010, mara tatu. Niliyaandika yote hayo kwa uaminifu na sikuyaona, kwa sababu hayakuvunja jiko.

Jambo lenyewe si geni duniani. Ulaya walipika kwenye masanduku yaliyojazwa majani makavu, hasa miaka ya vita moto ulipokuwa haba. Chakula kikichemka sawasawa kwanza, kisha sufuria ikazungukwa na kitu kinachozuia joto lisitoke, kinaendelea kuiva chenyewe kwa saa nyingi. Haijalishi kilichemshwa kwa mkaa, gesi au umeme. Tukaanza kushona vikapu vya kutunza joto. Ndani tulijaza mabaki ya magodoro, nje kitenge. Tukaajiri washonaji wawili, na fundi mmoja wa bati, mtu mzima mwenye mikono kama magome ya mti, akajifunza cherehani akiwa na miaka hamsini. Maharage lazima yatokote vizuri kabla ya kuingia kikapuni. Hilo tunamwonyesha kila mteja kwa sufuria, hatumwachii karatasi.

Vikapu vya kwanza vilirudi, kama ilivyotarajiwa. Mto wa ndani ulinyonya mvuke ukaanza kunuka. Tumeugeuza mara mbili.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimekaa ndani ya stoo, mlango wazi, nikamsikia binti anayeshika funguo siku hizi akimkaribisha mama mmoja aliyekuja na kikapu kwapani. Alimwamkia, akamvutia kiti, akamletea maji. "Mama, ulikuwa unapika nini?" Makande, akasema yule mama. "Na ulipomaliza, ukafanyaje?" Aliufua ule mto, akauanika uani, na siku tatu haukukauka kwa sababu uani kwao jua linafika saa sita mpaka saa nane tu, kuna ghorofa limejengwa upande wa mashariki. Binti akauliza ghorofa lina urefu gani. Akaandika na hilo. Kisha akachukua chokaa, akakitia kikapu namba, akakipeleka chini ya makuti.

Namba 14. Kesho ni Jumatatu.